Mzee wa Miaka 28

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, Kariakoo inakuwa na hukumu moja iliyokwisha kuandikwa. Linalosubiriwa ni jina tu la kujazia. Timu inayumba, matokeo hayaji, mara inasikika kwamba inamrudisha mchezaji wake wa zamani au inamchukua mkongwe aliyetemwa kwingine. Basi hukumu inasomwa kutoka Msimbazi kwa Simba hadi Jangwani kwa Yanga: huyo ameisha, anakuja kula pensheni, anaziba nafasi za vijana, na viongozi waliomleta wamefilisika mawazo. Asubuhi wachambuzi wa redio wanaigongea muhuri, mchana inazunguka na vikombe vya kahawa na kashata, jioni imeshakuwa kweli isiyodai ushahidi.

Naipinga. Na siipingi kwa kuwaonea huruma wakongwe, maana mpira hauna huruma na wao wenyewe hawakuwahi kumhurumia beki yeyote. Naipinga kwa sababu si kweli, na ni uongo unaotugharimu: unawakinga wanaoziangusha timu na kumtupia lawama mtu aliyeitwa kuja kuzishika.

Tuanze na shahidi ambaye wapinzani wangu humtanguliza wao wenyewe, Juma Kaseja. Katikati ya mwaka 2013 Simba ilimwacha mkataba wake ulipokwisha. Maneno ya vijiweni yalikuwa yaleyale kila kona: kipa kazeeka, wepesi umekwenda, anafungwa mabao ya kizembe. Oktoba 20 mwaka huohuo Yanga iliongoza 3-0 mbele ya Simba hadi mapumziko, ikarudishiwa yote matatu, na mwezi uliofuata ikaona dawa ni Kaseja. Desemba 21, katika mechi ya Nani Mtani Jembe, akakaa golini dhidi ya waliomtema. Simba 3, Yanga 1. Bao la tatu, la Awadh Juma, likaandikwa kwa jina la kipa, na kocha Ernie Brandts naye akaonyeshwa mlango. Kaseja hakuwa tena kipa namba moja wa kudumu pale Jangwani, na mwishowe wakaachana kwa ugomvi wa mkataba.

Hapo ndipo wapinzani hufunga kitabu: mnaona sasa? Mimi nawaomba wafungue tu ukurasa wa kwanza, penye tarehe ya kuzaliwa. Aprili 20, 1985. Yule mzee aliyezomewa Uwanja wa Taifa alikuwa na miaka 28. Na ni kipa, kazi ambayo Gianluigi Buffon aliifanyia Italia akiwa na 39, na ambayo Essam El-Hadary wa Misri aliifanya kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na 45, akapangua penalti ya Saudi Arabia mbele ya dunia nzima.

Kwa nini basi tulimwona mzee? Kwa sababu tulianza kumwona mapema. Mwaka 2003, Simba ilipowavua Zamalek taji la Afrika kwa mikwaju ya penalti kulekule Cairo, aliyesimama golini alikuwa Kaseja, kijana wa miaka 18. Miaka kumi ya kumtazama kila wiki ilitosha kutufanya tuhisi yupo tangu enzi za Mjerumani.

Akaondoka mjini. Akapita Mbeya City, akapita Kagera Sugar kule Bukoba, na mwaka 2018 akatua KMC, timu ya manispaa ya Kinondoni iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Timu ngeni kwenye ligi kwa kawaida huhesabu pointi za kutoshuka. KMC ilimaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kisha Taifa Stars ikamkumbuka. Agosti 4, 2019, Kasarani, Nairobi, dakika 180 za mechi mbili zikiwa zimepita bila bao, Stars wakawatoa Kenya kwenye mchujo wa CHAN kwa penalti 4-1, Kaseja golini. Septemba 8, Dar es Salaam, ikawa zamu ya Burundi kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Sare ya 1-1 ugenini, sare ya 1-1 nyumbani, penalti. Burundi, iliyokuwa na Saido Berahino aliyewahi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, haikuingiza hata moja. Tatu bila. Golini alikuwa yuleyule tuliyemzika mwaka 2013, sasa akiwa na miaka 34.

Mwezi uliofuata Sudan ilikuwa imeshashinda 1-0 hapa nyumbani, na safari ya CHAN ilionekana imekwisha. Kule Omdurman Stars wakageuza kibao, 2-1. Bao la kusawazisha lilitoka kwenye mguu wa Erasto Nyoni, faulo, naye akiwa na miaka 31. La ushindi likafungwa na Ditram Nchimbi. Tanzania ikarudi CHAN kwa mara ya kwanza tangu 2009. Sijasikia kijiwe chochote kikiomba radhi.

Huo ndio msingi wa ubishi wangu. Kariakoo haihesabu miaka ya mchezaji. Inahesabu miaka ambayo yenyewe imemtazama. Anayeitwa mzee ni yule tuliyemchoka, na anayeitwa mashine ni yule tusiyemjua bado.

Ukitaka kuthibitisha, mtazame Meddie Kagere. Alizaliwa Oktoba 1986. Simba ilipomchukua kutoka Gor Mahia mwaka 2018 alikuwa na miaka 31, mitatu zaidi ya ile ya Kaseja alipohukumiwa. Wako waliotia shaka, lakini jezi yake iliuzwa kama ya nyota mpya, kwa kuwa kwetu alikuwa mpya. Msimu wa kwanza mabao 23, mfungaji bora. Msimu wa pili mabao 22, mfungaji bora tena. Na nyuma yake alicheza Pascal Wawa, aliyerudi kwenye ligi yetu akiwa na miaka 32 baada ya kuwa amekwishaichezea Azam, akabeba mataji matatu ya ligi mfululizo.

Au mtazame Saidi Ntibazonkiza. Mrundi huyu alizaliwa Mei 1987, akacheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, na Yanga ilimpokea mwaka 2020 akiwa na miaka 33 bila mtu kumuuliza habari za pensheni. Baada ya misimu miwili hivi ya kumzoea, ghafla akawa mzee. Akaachwa, akaenda Geita Gold, dirisha dogo Simba ikamchukua. Msimu wa 2022/23 ulipofungwa alikuwa na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele, kijana wa Yanga aliyekuwa akitetemesha Afrika. Miaka 36, kiatu cha dhahabu mkononi. Waliomwacha hawakukosea kusoma tarehe yake ya kuzaliwa. Walikosea kudhani tarehe inafunga mabao au inayakosa.

Na tuseme hili kwa sauti ya chini, maana ni aibu ya nyumbani: tunaijadili hiyo miaka kana kwamba ni kweli ya mahakamani, ilhali kila mtu Kariakoo ana utani wake kuhusu umri wa pasi ya kusafiria na umri wa mpira. Tunavicheka vyeti Jumatatu, Jumanne tunavitumia kumstaafisha mtu.

Hamu hii ya sura mpya ina biashara nyuma yake. Pita Mtaa wa Msimbazi siku za usajili, kwenye vibanda vya jezi, umtazame kijana wa mashine ya kubandika majina. Herufi nyeupe zimepangwa kwenye bahasha, namba zinakatwa kwa wembe, mashine inapanda joto, anaikandamiza jezi mgongoni kwa sekunde chache, moshi mwembamba, jina limekaa. Pembeni ananing'iniza jezi zenye majina ya walioachwa, bei imeshushwa. Niliwahi kumuuliza mmoja wao ni jina gani linauza zaidi. Akanijibu bila kuinua macho: "Jipya, kaka. La zamani kila mtu analo nyumbani." Sijasikia mchambuzi aliyeeleza sera ya usajili ya nchi hii vizuri kuliko huyo kijana. Kiongozi anayetaka kuwanyamazisha wanachama baada ya sare tatu anahitaji sura mpya ishuke uwanja wa ndege, shingoni skafu, mkononi shada. Mkongwe anayerudi hana msisimko huo. Anapanda bodaboda, anafika mazoezini, basi.

Na sura mpya ikifeli? Mkataba unavunjwa, mchezaji anakwenda FIFA, klabu inafungiwa kusajili hadi ilipe. Tumeyaona hayo kwa vilabu vyetu vikubwa na vidogo. Mzigo huo mara nyingi huachwa na yule aliyekuja na shada, si na yule wa bodaboda. Lakini bado maneno "kupoteza hela" tunamwekea mkongwe.

Hapo tunafika kwenye pensheni. Tafadhali tufikiri pamoja: mtu anayetafuta kula bila kazi atakwenda kwenye timu inayoyumba kwa lipi? Yanga ya 2018 ndiyo mfano ninaoupenda. Yusuf Manji alikuwa amejiuzulu mwaka mmoja nyuma, hela imekauka, mishahara inachelewa, wachezaji wanagoma, na kocha Mwinyi Zahera anatembeza bakuli kwa wanachama waziwazi. Katika hali hiyo ndipo aliporudi Mrisho Ngassa. Huyu ndiye aliyekwenda kufanya majaribio West Ham, aliyevaa jezi ya Seattle Sounders kwenye mechi ya kirafiki na Manchester United mwaka 2011, mwenye mabao 25 ya Taifa Stars. Alikuwa amezunguka Afrika Kusini, Oman, Mbeya na Mtwara. Wakasema anakuja kufia nyumbani. Alikuwa na miaka 29!

Kwenye kikosi hicho alikuwamo Kelvin Yondani mwenye miaka 34. Alikuwamo Thabani Kamusoko wa Zimbabwe, 30. Alikuwamo Amissi Tambwe, ambaye Simba ilimwacha Desemba 2014 kwa kumwona ameisha ilhali ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi miezi michache nyuma, na Yanga ikamwokota, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena kwa mabao 21. Timu hiyo ya bakuli na wazee iliongoza msimamo kwa sehemu kubwa ya msimu wa 2018/19, ikaja kumaliza ya pili nyuma ya Simba yenye mfuko wa Mo Dewji. Sisemi Ngassa peke yake ndiye aliyeibeba. Mabao mengi yalikuwa ya Heritier Makambo. Nasema timu isiyolipwa kwa wakati haivunjiki pale ambapo ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kuna watu waliowahi kukosa mshahara kabla na wanajua kwamba Jumamosi mechi ipo tu. Kijana wa miaka 20 hajawahi kupita hapo. Ukimkosesha mshahara wa miezi miwili na kuzomewa mara tatu, wakala wake ameshaanza kupiga simu.

Kuhusu kijana wa miaka 20: ndani ya kikosi hichohicho cha wazee, mwaka huohuo wa 2018, Yanga ilimleta kiungo kutoka JKU ya Zanzibar. Feisal Salum. Nani aliyemzibia nafasi? Alicheza katikati ya hao tunaowaita vizibo, akawa mmoja wa viungo bora wa nchi. Hoja ya kuziba nafasi inapendwa kwa sababu inasikika ya kizalendo, lakini ukiifuata hadi kiwanjani inayeyuka. Vijana wetu wanazuiwa na kukosa mechi. Wanazuiwa na viwanja vya mtaani vilivyogeuka maegesho na fremu za maduka. Waulize waliokulia Gerezani na Ilala walikochezea na waende leo wakapatafute. Wanazuiwa na kocha anayejua atafukuzwa akipoteza mbili, ambaye hawezi kumjaribu mtoto kwenye mechi ya tatu. Mkongwe mmoja wa Morogoro au Kigoma aliyeongezewa miezi sita hana uwezo wa kufanya madhara ya ukubwa huo.

Historia ya Jangwani yenyewe imeshatuonyesha timu inavyokuwa ikiondokewa na wakubwa wake wote kwa mkupuo. Mgogoro wa katikati ya miaka ya 1970 uliwatoa Yanga wachezaji waliokuwa uti wa mgongo wa timu, wakaenda kuunda Pan African. Waliobaki wakajenga kwa damu changa. Julai 19, 1977 Simba ikawafunga 6-0, Abdallah Kibadeni akiweka matatu peke yake, na hadi leo hakuna hat-trick nyingine ya ligi iliyosimuliwa Kariakoo kama ile. Mgogoro ule ulikuwa wa siasa za klabu, si wa umri, nalijua hilo. Ila anayeniambia kwamba dawa ya timu iliyodhoofika ni kufagia wakubwa na kuingiza watoto, naomba anieleze ile sita ilitoka wapi.

Sasa nikiri penye hoja yao. Mwili unachoka, na ligi yetu ni katili kwa mwili uliochoka. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Bukoba ni mbali zaidi. Unashuka, unalala usiku mmoja, kesho yake unakimbia kwenye kiwanja kigumu kama sakafu. Msuli wa nyuma ya paja la mtu wa miaka 34 haupendi mambo hayo. Kocha anayempanga mkongwe dakika 90 kila wiki, nyumbani na ugenini, hajui kazi yake. Mkongwe ni wa mechi za nyumbani, wa dakika 25 za mwisho, wa kulinda bao moja, wa kupiga penalti ambayo wengine wote wanaikwepa wakitazama chini. Ukimtumia kama punda atakufa kama punda.

Pia kuna marejeo yaliyokuwa mabovu. Nitautaja mmoja ninaouona mbovu kuliko yote: Luis Miquissone. Februari 2021 aliifunga Al Ahly bao pekee pale kwa Mkapa, Waarabu wakamnunua, na mwaka 2023 Simba ikamrudisha kwa shangwe. Msimu mmoja, ameachwa. Je, alikuwa mzee? Alikuwa na miaka 28, na hakuna hata kijiwe kimoja kilichomwita hivyo. Alirudi bila mechi za kutosha miguuni, kwa sababu jina lake lilikuwa linalilia kurudishwa. Urejeo ule ulifeli kwa kosa la waliosajili kumbukumbu badala ya kupima mtu. Kosa hilohilo linaweza kufanywa kwa mchezaji wa umri wowote, na ndilo tungepaswa kulipigia kelele.

Wako pia viongozi wanaomrudisha mkongwe ili tu kujaza uwanja siku ya Simba Day au Wiki ya Mwananchi: anatangazwa wa mwisho, taa zinazimwa, muziki unapigwa, kisha anakaa benchi hadi Mei. Hao siwatetei. Lakini tazama tena nani amemtumia nani.

Wenzetu mambo haya wameyaona. Desemba 2019 AC Milan ilifungwa 5-0 na Atalanta, klabu kubwa imegeuka kichekesho. Siku chache baadaye ikamrudisha Zlatan Ibrahimović, miaka 38, akitokea Marekani, na waandishi wa Italia wakaandika yaleyale ya kwetu kwa Kiitaliano. Mwaka 2022 Milan ikachukua ubingwa. Zlatan msimu huo alikuwa majeruhi muda mrefu, lakini vijana waliobeba taji walikuwa wamekwishafundishwa kuacha kuogopa. Roger Milla naye alikuwa amejichimbia Réunion akicheza mpira wa kisiwani alipoitwa na Cameroon mwaka 1990. Miaka 38, mabao manne, robo fainali ya Kombe la Dunia. Wote wawili wangeletwa Kariakoo wangeambiwa wakafungue baa.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba mji huu hauogopi uzee. Yanga ina Baraza la Wazee ambalo kauli zake zimewahi kutikisa uongozi. Simba nayo ina wazee wake wanaokaa Msimbazi na kuitwa wakati wa mgogoro. Mzee wa miaka 70, aliyeketi kwenye benchi la kahawa Mtaa wa Swahili, ambaye ushauri wake unatafutwa kabla ya kila mechi ya watani, ndiye huyohuyo anayemwambia mchezaji wa miaka 31 kwamba ajue wakati wa kuondoka. Akili ya mzee tunaitaka ikiwa nje ya uwanja, imekaa, inakunywa kahawa. Ikiingia uwanjani na kuvaa daluga tunaizomea.

Mfano wa mwisho: John Bocco aliondoka Azam mwaka 2017 baada ya karibu muongo mmoja, wenye timu wakiona muda wake umetimia. Simba ilikuwa na misimu mitano bila ubingwa, ukame mrefu ambao vijana wa leo hawaukumbuki. Ikamchukua, ikampa kitambaa cha unahodha, ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, na katika wa nne, 2020/21, Bocco ndiye aliyekuwa mfungaji bora kwa mabao 16. Miaka 31.

Kwa hiyo dirisha dogo likija na jina la zamani likitajwa tena, tuwaulize viongozi maswali yenye maana. Nani aliyemwomba, kocha au mwenyekiti? Daktari gani amempima goti na paja, na amecheza mechi ngapi miezi sita iliyopita? Mkataba unalipa kwa mechi au kwa jina? Anakuja kucheza dakika ngapi, na kijana gani atakaa naye chumba kimoja safarini? Kiongozi akishindwa kujibu hata moja, mzomeeni huyo kiongozi. Yeye kwa kawaida ni mzee kuliko huyo mchezaji, na anagombea tena.